Mtoto Asipotee Mara ya Pili

Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulilipuka juu ya mji wa Goma. Watu hawakungoja tangazo. Wengine walikimbilia mpakani kuvuka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda. Wengine walishika njia ya Sake, kwa miguu na kwa pikipiki, magodoro kichwani, gizani. Kesho yake UNICEF ilitaja watoto zaidi ya 150 waliotenganishwa na jamaa zao, na wengine zaidi ya 170 waliohofiwa kupotea. Watoto wa namna hii mara nyingi huponyoka mikononi katika msongamano: mama kambeba mdogo mgongoni, mkubwa anamshika kanga, kanga inakwenda, mtoto anabaki.

Mwongozo huu ni wako wewe utakayemkuta huyo aliyebaki. Pengine ni mwalimu ambaye darasa lako limegeuka bweni la waliokimbia mafuriko, au mwenyekiti wa kitongoji, au mama lishe kando ya barabara wanayopita wakimbizi, au kijana wa Msalaba Mwekundu uliyepewa fulana na semina ya siku mbili. Nina neno moja kubwa la kukuambia, na mengine yote yanalifuata hilo: mtoto hupotea mara ya kwanza kwa janga, na mara ya pili hupotea mikononi mwa watu wema.

Hilo silisemi kwa kubahatisha. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Goma kwa mamia ya maelfu, vilifunguliwa vituo vya kulea watoto walio peke yao. Vituo vilikuwa na chakula na mablanketi. Nje kulikuwa na kipindupindu. Wapo wazazi waliowaacha watoto wao vituoni kwa kuona kwamba humo watapona, na kituo kilichowekwa kwa ajili ya waliopotea kikazaa watoto wengine waliopotea. Mwaka 2007 huko Chad, kikundi cha Wafaransa kilikamatwa kikitaka kuwapakia ndegeni watoto 103 kwa madai kwamba ni yatima wa Darfur. Uchunguzi ukaonyesha kwamba wengi wao walikuwa wakiishi na jamaa zao. Miaka mitatu baadaye, baada ya tetemeko la Haiti, Wamarekani wa kikundi cha Kikristo walizuiwa mpakani wakiwa na watoto 33. Watoto hao nao, wengi wao walikuwa na mzazi aliye hai.

Kwa hiyo ukimwona mtoto peke yake, neno “yatima” lisikutoke mdomoni. Huyo ni mtoto aliyetengana na watu wake, basi. Yatima ni hukumu, na wewe huna ushahidi.

Kabla maji hayajaja

Tuanze na jambo la bure kabisa, ambalo unaweza kulifanya leo kabla ya chakula cha usiku. Muulize mwanao wa miaka minne: “Baba yako anaitwa nani?” Uwezekano mkubwa atakujibu, “Baba.” Ukiuliza la mama atasema “Mama Neema”, kwa sababu ndivyo majirani wanavyomwita. Mtoto huyo akiokotwa mbali na kwenu, kina Mama Neema ni wengi kuliko unavyodhani.

Mfundishe majina matatu: lake, la mzazi, na la mtaa au kijiji. Mfundishe na namba moja ya simu, kwa kuiimba. Watoto hushika namba kwa mahadhi upesi kuliko kwa kukariri. Mkiishi mahali panapojulikana kwa hatari, kama bonde la Rufiji, au chini ya mlima kama Hanang ambako tope lilishuka asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, kubalianeni pia mahali pa kukutana: msikitini, shuleni, penye mbuyu. Mtoto asiyejua kusema, andika jina lake na namba yako kwenye kipande cha kitambaa, ushone upande wa ndani wa nguo yake. Kwa ndani, tafadhali. Jina lililoandikwa nje ya fulana linampa kila mpita njia uwezo wa kumwita mtoto kwa jina kama vile anamjua.

Umemkuta peke yake

Usimwondoe haraka. Kama mahali hapo hapana hatari, kaa naye hapohapo kwa muda. Mama aliyegundua kwamba mkono mmoja umepungua atarudi njia ileile aliyoipita. Chuchumaa mfike sawa kwa macho, mpe maji, mwambie jina lako na kwa nini uko hapo. Mtu mwingine aende mbele kwenye msafara akiuliza. Mambo mengi humalizika hapa, ndani ya saa moja, bila ofisi wala fomu. Mkilazimika kuondoka, aachwe mtu, au ujumbe kwa mwenye kibanda, wa kusema mtoto amepelekwa wapi na nani.

Asipopatikana mtu, chukua daftari. Hapa ndipo penye kazi halisi, nami nitakaa hapa kidogo.

Andika siku, saa na mahali alipookotwa, na nani alimwokota. Kisha zungumza naye. Usimhoji kama polisi, maswali ya “jina la ukoo?” na “wilaya?” hayamfikii mtoto mdogo. Uliza anayoyajua. Mnateka maji wapi? Dada yako anaitwa nani? Mbwa je, mnaye? Baba akiondoka asubuhi anabeba nini? Nyumbani kwenu mkitoka nje mnaona mlima au ziwa? Ijumaa mnakwenda wapi, Jumapili mnakwenda wapi? Nani alikuwa anakubeba mlipokuwa mnakimbia? Akisema baba anabeba nyavu na ziwa linaonekana mlangoni, umekwisha kupunguza nusu ya nchi. Sikiliza na lafudhi. Kiswahili cha mtoto wa Bukavu si cha mtoto wa Kigoma, na anaposema neno la kikwao, liandike kama alivyolitamka. Andika pia jina la utani. Pengine ndilo pekee analoitwa nyumbani.

Mtoto mchanga hasemi, lakini nguo zake zinasema. Zile alizopatikana nazo usizitupe hata zikiwa zimechanika na kujaa tope. Kanga aliyofungiwa ina jina lake, yale maneno yaliyochapwa chini, yanakili yote. Kitenge, shanga za kiunoni, hirizi, kovu, chale, eleza kila kimoja kwenye daftari. Siku mwanamke atakapotokea akisema huyu ni wangu, kanga itakuwa shahidi kuliko macho yake yanayolia.

Watoto waliokuja pamoja wabaki pamoja. Hata kama ni wa nyumba mbili, hata kama mmoja ana homa na mwingine hana. Gari la wagonjwa likimchukua mdogo, mkubwa au mtu anayemjua apande naye, na daftari liandike hospitali gani. Ni hapa, kwenye magari na kwenye kugawa mahema, ambapo ndugu hutenganishwa na mtu aliyekuwa na haraka tu.

Kisha toa taarifa siku hiyohiyo. Kwa Tanzania ni kwa afisa ustawi wa jamii, serikali ya mtaa au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kenya ni afisa wa watoto. Namba 116, ambayo ni ya kusaidia watoto, hupigwa bure Tanzania, Kenya na Uganda. Chama cha Msalaba Mwekundu kina kazi maalumu ya kutafuta ndugu waliopotezana, na kinavuka mipaka ambayo wewe huwezi kuivuka. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, katika kifungu cha 25, unazitaka serikali zifanye kila linalowezekana kumtafutia wazazi mtoto aliyetengwa nao na vita au maafa. Huombi hisani unapodai mtoto atafutiwe kwao.

Na picha? Najua mkono unawasha. Simu iko mfukoni, kundi la WhatsApp lina mamia ya watu, na kwa dakika kumi uso wa mtoto utakuwa umefika Dubai. Tatizo ni kwamba picha humfikia na asiye mzazi. Mtu anaweza kuja amevaa vizuri, analijua jina la mtoto kwa kuwa mmeliandika chini ya picha, na anamwita “mwanangu” mbele ya umati. Utamkataliaje? Basi tangaza nusu: “Amepatikana mtoto wa kiume wa miaka kama minne, karibu na daraja, tangu jana jioni; mwenye mtoto wake afike kwa mwenyekiti.” Uso, jina na alama za mwili zibaki kwenye daftari. Anayekuja na kudai mtoto ndiye ayaseme. Muulize alivaa nini, ana kovu wapi, analala na nani, kisha mtazame mtoto: anakimbilia, au anajificha nyuma ya mguu wako? Hata hapo, kukabidhi kufanywe na ofisa mbele ya mashahidi na sahihi. Mzazi wa kweli atakasirika kwa kuchelewa. Mvumilie.

Atalala wapi leo

Jibu linalokuja haraka ni kituo cha watoto. Liwe la mwisho. Kwanza tafuta kambini humo: shangazi, mjomba, jirani wa kwao, mwalimu wake. Akikosekana mtu wa damu, tafuta familia ya kwao inayosema lugha yake na inayokula anavyokula. Maofisa ustawi wa Tanzania huziita familia za kuaminika, na kazi ya kuzikagua ni yao. Sisi watu wa huku tunajua kulea mwana wa mwenzetu tangu zamani, hakuna mradi uliotufundisha. Lakini ukweli usemwe: katika nyumba nyingine mtoto wa kulelewa ndiye anayeamka wa kwanza na kula wa mwisho. Familia iwe imeandikwa, itembelewe, na isaidiwe mgao wa ziada kwa nyumba nzima. Ukimpa magodoro na maziwa huyo mmoja huku wenye nyumba wakitazama, umemtafutia maadui.

Mwili, kwa kifupi

Maji, chanjo na chakula vina wataalamu wake, kwa hiyo nitasema yale tu ambayo watu hukosea. Mama anayenyonyesha aendelee. Watu husema hofu hukata maziwa. Hofu inaweza kuyachelewesha kutoka, lakini mtoto akizidi kunyonya yanarudi. Mpe mama utulivu, chakula na maji ya kunywa, umsitiri na macho ya watu. Maziwa ya kopo yanayogawiwa ovyo, yakikorogwa kwa maji machafu katika chupa isiyochemshwa, huleta kuhara, na kuhara ndiko kunakoua kambini.

Mtoto akihara, mpe ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, pamoja na zinki kutoka zahanati. Zisipokuwapo, changanya lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko vya kufuta juu, si vya mlima. Macho yakibonyea au akilegea, usiendelee kukoroga, mkimbize kituoni. Surua huenea kama moto penye msongamano, kwa hiyo siku ya chanjo mpeleke hata kama kadi ilibaki kwenye tope. Na utepe ule wa kupima mkono, kwa walio na miezi 6 hadi 59, ukisoma chini ya sentimita 11.5, yaani nyekundu, hiyo ni safari ya hospitali leo.

Anapokojoa kitandani

Baada ya siku chache utaanza kuletewa mashtaka. Wa miaka saba anakojoa kitandani. Wa mitano amerudi kunyonya kidole, hataki mama aende hata msalani. Mwingine anapiga wenzake, mwingine hasemi kabisa, mwingine anacheza mchezo uleule wa nyumba kubomoka, nyumba kubomoka, hadi wakubwa wanasikia kichefuchefu. Hiyo ni njia ya mtoto ya kusema, kwa kuwa maneno hana. Mtoto asichapwe kwa kukojoa. Shuka lianikwe bila kutangazwa.

Dawa yake ya kwanza ni ya kawaida mno, ndiyo maana watu huidharau: mtu yuleyule kila siku, na siku inayofanana na jana. Uji saa ileile, kuoga saa ileile, hadithi kabla ya kulala. Mtoto aliyenyang'anywa dunia anahitaji ajue kwamba baada ya uji kuna mchezo na baada ya mchezo kuna wali. Wengi hutulia kwa hayo ndani ya wiki kadhaa. Anayezidi kuzorota, asiyekula, asiyelala, au kijana anayesema bora angekufa, huyo mpeleke kwa mhudumu wa afya ya akili au afisa ustawi, na usimwache peke yake.

Usimlazimishe asimulie. Wapo wageni wanaofika kambini na kumkalisha mtoto wamwambie, “Hebu tueleze, ulionaje mama alipochukuliwa na maji?” Wengine wana kamera, wengine wana nia njema na semina. Miongozo ya afya ya akili katika dharura inayotumiwa na mashirika tangu mwaka 2007 inaonya juu ya kumfukulia mtu msiba wake kwa kikao kimoja kisha kuondoka. Akitaka kusema mwenyewe, sikiliza hadi mwisho, usimkatize kwa “usilie”. Akinyamaza, nyamaza naye mkimenya viazi.

Kuhusu kifo, hapa tuna tatizo letu. Tunasema “bibi amelala”, “baba amesafiri”. Tunadhani tunamwonea huruma. Mtoto anayeambiwa kwamba aliyekufa amelala huanza kuogopa kulala, na anayeambiwa baba amesafiri hukaa barabarani akitazama kila basi. Mwambie amekufa. Amwambie mtu anayempenda, mahali patulivu, kwa maneno machache: “Baba amekufa. Maji yalimchukua. Hatarudi. Si kosa lako. Mimi niko hapa.” Lile la nne usiliruke. Watoto hujilaumu kwa mambo ya ajabu: kwamba waligombana na mdogo wao siku ile, kwamba walikataa kula. Atauliza tena kesho, na keshokutwa, swali lilelile. Jibu lilelile. Akitaka kwenda mazishini au kwenye arobaini, aende ameshikwa mkono. Kama habari za mzazi hazijulikani, sema hivyo hivyo: “Hatujui alipo. Tunamtafuta.” Usiahidi.

Michezo nayo haihitaji mfadhili. Mpira wa makaratasi, rede, mdako, kombolela, bao la kuchimba chini. Vitu hivi vinajulikana na watoto kuliko midoli inayoletwa kwa lori. Unachotakiwa kutoa wewe ni uwanja usio na vyuma na vioo, saa maalumu, na wakubwa wawili wa kuaminika, kila mara wawili, wanaoonekana na watu. Mwalimu aliye mkimbizi mwenyewe anaweza kuanza darasa chini ya turubai hata kabla ya madaftari. Katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, wapo waliozaliwa humo wakamaliza shule humohumo. Kambi huitwa ya muda, utoto haungoji.

Giza, foleni na zawadi

Vijana wa miaka kumi na miwili hadi kumi na saba husahaulika, kwa sababu hawalii. Binti anahitaji taulo za kike na choo chenye komeo na taa, na anahitaji asiende kuni peke yake. Mvulana anahitaji kazi ya heshima: kugawa maji, kusomea wadogo, kuandika majina. Asipopewa na wewe atapewa na wengine. Huko mashariki ya Kongo, wanaotafuta vijana wa kubeba bunduki wanajua kambi zilipo.

Mjulishe kila mtoto, kwa lugha yake, kwamba mgao haulipiwi. Hakuna mtu mwenye fulana ya shirika lolote, wala mwalimu, wala askari, wala kiongozi wa dini, anayeruhusiwa kutaka mwili wake au siri yake ili ampe sabuni. Mtazame kwa jicho la pili mtu mzima anayempa mtoto mmoja zawadi kila siku. Na ndoa inayopangwa haraka “ili binti apate pa kukaa” ipeleke kwa ofisa kabla ya vyakula kupikwa.

Mtoto akikuambia ametendewa jambo baya, mwamini, mshukuru kwa kukuambia, usimhoji mara tatu. Kituo cha afya kwanza: dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Asiogeshwe wala nguo zisifuliwe kabla ya kuonwa na daktari. Fomu ya polisi, PF3 kwa Tanzania au P3 kwa Kenya, isiwe sababu ya kuchelewa. Mtu mmoja aifuatilie huku mwingine yuko njiani na mtoto. Tanzania kuna vituo vya Mkono kwa Mkono katika baadhi ya hospitali, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Mambo haya hayamalizwi kwa wazee kukaa chini ya mti na kulipana mbuzi.

Wewe mwenyewe pia utachoka. Utamfokea mtoto siku ya nne, nawe hujalala. Mpishane zamu, ule.

Siku mama atakapopatikana, umati utapiga vigelegele na wote mtalia. Mkabidhi kwa utaratibu, kisha baada ya wiki moja nenda uwatembelee, na baada ya mwezi urudi. Mtoto aliyekaa mbali miezi sita anaweza kumkataa mama yake, au mama akamwona amebadilika tabia. Familia iliyokuwa na njaa kabla ya janga ina njaa zaidi sasa. Zungumza na mtoto pembeni kidogo, dakika kumi tu.

Shule itakapofunguliwa na madawati kurudishwa, daftari lile usilifungie kabatini. Toa nakala kwa afisa ustawi na kwa Msalaba Mwekundu, uandike kwenye jalada mwaka na mahali. Wapo watu wa Rwanda waliokutanishwa na ndugu zao miaka mingi baada ya 1994, kwa sababu mahali fulani mtu aliandika jina la kilima, jina la utani, na rangi ya nguo.